Upungufu wa Umakini kwa Watu Wazima: Hali Ilivyo Kasongo na Kabambare

Upungufu wa umakini ni hali ya ubongo inayoanza utotoni. Humfanya mtu ashindwe kushika jambo moja hadi mwisho, asahau shughuli za kila siku, atende kabla ya kufikiri, na mara nyingi akose utulivu wa mwili au wa mawazo. Kwa miaka mingi madaktari waliamini kwamba huisha mtoto anapobalehe. Sasa inajulikana kwamba kwa wengi hubaki, ila hubadilika sura: mtoto aliyekuwa haketi darasani huwa mtu mzima anayeketi, lakini fikra zake haziketi.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hali hii hutajwa zaidi kwa herufi nne za Kifaransa, TDAH. Simu zimezisambaza herufi hizo kila pembe ya nchi, hadi Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, bila kusambaza maelezo yake. Kauli zinazosikika zinapingana: ni ugonjwa wa Wazungu, ni jina jipya la uvivu, ni jini au uchawi, ni matokeo ya vita, kila anayesahausahau anao. Mkanganyiko huo una gharama ya pande mbili. Mwenye hali hiyo kweli hulaumiwa maisha yake yote kwa jambo ambalo hakulichagua, na anayeumwa maradhi mengine yanayotibika huweza kubandikwa jina lisilo lake akakosa tiba.

Hali yenyewe na namna inavyotambuliwa

DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani uliotolewa mwaka 2013, unaorodhesha dalili 9 za kukosa umakini na dalili 9 za kukosa utulivu na kutenda kwa pupa. Mtu wa miaka 17 na zaidi huhesabiwa kuwa na hali hii akiwa na angalau dalili 5 za kundi mojawapo. Kuna masharti: baadhi ya dalili ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, zijitokeze mahali zaidi ya pamoja, kwa mfano nyumbani na kazini, na ziwe zinamharibia maisha waziwazi. Shirika la Afya Duniani nalo limeiweka katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, kwenye kundi la matatizo ya ukuaji wa ubongo.

Masharti hayo yana uzito kuliko orodha ya dalili. Hakuna asiyesahau ufunguo wala asiyechoka kusikiliza hotuba ndefu. Kinachomtenga mwenye hali hii ni kwamba udhaifu huo umekuwa naye tangu utoto, unamfuata kila aendako, na unamgharimu kazi, ndoa au heshima.

Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kuithibitisha kwa mtu mmojammoja. Utambuzi hutokana na mazungumzo ya kina na ushahidi wa watu waliomjua mhusika akiwa mdogo. Sababu kubwa ni urithi: tafiti za familia na mapacha zinakadiria kwamba takriban asilimia 74 ya tofauti kati ya watu katika jambo hili hutokana na vinasaba. Kuzaliwa kabla ya wakati na kuzaliwa na uzito mdogo huongeza uwezekano. Ndani ya ubongo, mifumo inayotumia dopamini na noradrenalini, ambayo humwezesha mtu kupanga, kungoja na kukumbuka alichokusudia, hufanya kazi kwa namna tofauti.

Kuhusu kuenea, utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2017, ukikusanya takwimu za nchi 20, ulikuta hali hii kwa takriban asilimia 2.8 ya watu wazima. Katika nchi tajiri ilikuwa asilimia 3.6, na katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati ngazi ya chini asilimia 1.4. Kongo haikuwamo. Kwa upande wa watoto, Espérance Kashala na wenzake walichunguza wanafunzi wa shule za msingi za Kinshasa kwa kutumia majibu ya walimu, na mwaka 2005 wakaripoti takriban asilimia 6. Uchambuzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2006 kwa kuunganisha tafiti zilizowafuatilia watoto hadi ukubwani, ulikuta kwamba wakifika miaka 25 takriban asilimia 15 bado walikuwa na hali kamili. Wakihesabiwa pia waliobaki na sehemu ya dalili, walifika takriban asilimia 65. Kwa hiyo lipo kundi kubwa la watu wazima walio katikati: hawastahili kuitwa wagonjwa kamili, lakini bado wanataabika.

Asili ya dhana

Hoja kwamba huu ni ugonjwa uliobuniwa juzi haisimami mbele ya historia. Daktari wa Uskoti, Alexander Crichton, aliandika mwaka 1798 juu ya watu ambao fikra zao haziwezi kutulia kwenye jambo moja. Mwaka 1902 George Still aliwaeleza madaktari wenzake wa London habari za watoto wenye akili timamu walioshindwa kujizuia. Mwaka 1937 Charles Bradley, huko Rhode Island nchini Marekani, aliona kwamba dawa ya kuchangamsha iliwatuliza baadhi ya watoto. Jina lenye kuweka umakini mbele lilikuja mwaka 1980, katika toleo la tatu la mwongozo wa Marekani.

Ni kweli, hata hivyo, kwamba mipaka ya hali hii imepanuliwa mara kwa mara. Zamani dalili zilipaswa kuonekana kabla ya miaka 7. Mwaka 2013 kikomo kilisogezwa hadi 12. Kila mpaka unaposogezwa, idadi ya wanaoingia ndani yake huongezeka. Wenye shaka wana haki ya kuuliza iwapo wote walioongezeka wanahitaji jina la ugonjwa.

Sura yake katika maisha ya kusini mwa Maniema

Maelezo mengi ya hali hii yameandikwa kwa ajili ya mtu wa ofisini: barua pepe zisizojibiwa, mikutano iliyosahaulika. Kasongo na Kabambare maisha ya wengi yako shambani, sokoni, barabarani na kwenye machimbo ya dhahabu, na huko dalili zina sura nyingine.

Mfano mmoja ni mpunga, zao lililokita mizizi Maniema tangu enzi za misafara ya Waswahili. Mpunga unapokaribia kukomaa, shamba hutaka mtu wa kuamia ndege tangu alfajiri hadi jua kutua. Kazi hiyo ni ya kungoja: muda mrefu hupita bila tukio, kisha kundi zima linashuka kwa mara moja. Mwenye upungufu wa umakini hashindwi na uzito wa kazi, kwani huenda ndiye aliyefyeka pori lote kwa siku chache huku wengine wakipumzika. Humshinda ule ukimya ulio kati ya kundi moja la ndege na jingine. Anaondoka kidogo kutazama mtego wake kijitoni, anakutana na jirani, mazungumzo yanamchukua, na anaporudi masuke yameshaliwa. Familia inaona uzembe. Haioni kwamba huyohuyo, siku moto ulipovuka kutoka shamba la jirani, ndiye aliyefika wa kwanza na kuuzima.

Mfano wa pili ni fedha. Katika likelemba kila mwanachama hutoa fungu lake siku iliyopangwa, na zamu ya kupokea huzunguka. Chama hicho husimama juu ya kumbukumbu na uaminifu. Mwenye hali hii huwa na nia ya kutoa, lakini fedha iliyoko mkononi humponyoka kwa jambo lililomkuta njiani, au siku yenyewe humpita bila habari. Baada ya mara tatu au nne anaitwa mdanganyifu na kuondolewa, na pamoja na nafasi yake hupoteza mkopo wa dharura ambao angeupata mtoto akiugua. Mwendesha pikipiki mwenye hali hii hukabiliwa na hatari iliyo kubwa zaidi, kwa sababu tafiti za nchi kadhaa zinahusisha upungufu wa umakini na ajali za barabarani.

Kwa wanawake mara nyingi haionekani. Msichana mwenye hali hii aghalabu hapigi kelele. Huota ndoto za mchana, naye huhesabiwa mzito wa kuelewa. Akiolewa, kazi za nyumba zinazokwenda sambamba, sufuria motoni, mtoto mgongoni, nguo mtoni, mgeni mlangoni, hudai hasa ule uwezo alio na upungufu nao. Lawama ya wakwe humfanya aamini kwamba ni mbovu wa tabia, na huzuni hufuata. Huzuni na wasiwasi ni wenzi wa kawaida wa hali hii, pamoja na ulevi.

Maradhi yanayofanana nayo

Upande huu ndio unaosahaulika zaidi katika video za simu, na kwa Maniema ndio wenye umuhimu wa kwanza. Yako mambo mengi yanayoweza kuvuruga umakini wa mtu mzima, na baadhi yake huua yasipotibiwa.

Malale, yanayoenezwa na mbung'o, yamekuwa na makao yake ya muda mrefu Maniema. Vimelea vikifika kwenye ubongo mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku, hubadilika tabia na kushindwa kufuatilia mazungumzo. Tangu mwaka 2018 kuna tiba ya vidonge, feksinidazoli, iliyorahisisha sana matibabu ya wagonjwa wengi. Kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba ana TDAH ni kumnyima uhai.

Malaria ya ubongo huacha alama. Tafiti zilizofanyika Kampala, Uganda, miaka ya 2000 zilionyesha kwamba baadhi ya watoto waliopona walibaki na udhaifu wa kufikiri, ukiwamo wa umakini, hata miaka 2 baadaye. Kifafa cha aina isiyo na degedege humfanya mtu akatike fahamu kwa sekunde chache, naye huonekana kama asiyesikiliza. Upungufu wa damu huchosha akili.

Katika machimbo ya Kabambare, kuzunguka Salamabila na Namoya, kuna sababu ya kuichunguza pia zebaki. Wachimbaji wadogo sehemu nyingi za dunia huitumia kukamata dhahabu na kuichoma ili ibaki dhahabu tupu. Mvuke wake ukivutwa kwa muda mrefu huleta mtetemo wa mikono, kukosa usingizi, hasira za ghafla na kusahau. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 ulitungwa ili kupunguza madhara hayo.

Kiwewe cha vita nacho huingia hapa. Tangu mwaka 1996 mashariki mwa Kongo kumepitiwa na vita na uasi mfululizo, na Kabambare imeshuhudia mapigano ya makundi yenye silaha kuzunguka migodi. Aliyeona mauaji hushtuka kwa sauti ndogo, hukosa usingizi, na fikra zake humrudisha alikotoka. Kwa nje anaonekana asiye makini. Pombe kali ya lotoko, bangi na vidonge vya maumivu vinavyomezwa bila daktari huleta picha hiyohiyo.

Swali moja hutenganisha sehemu kubwa ya mambo haya: lilianza lini? Upungufu wa umakini hauna tarehe ya kuanza ukubwani. Malale, kiwewe, zebaki na huzuni huwa na kabla na baada. Utafiti wa Dunedin, New Zealand, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta kwamba takriban asilimia 90 ya watu wa miaka 38 waliokuwa na dalili hawakuwa na historia hiyo utotoni. Baadhi wakasema ipo aina inayoanza ukubwani. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2018 ulipowachunguza vijana wa namna hiyo mmoja mmoja, ulikuta kwamba wengi wao walielezeka kwa ulevi, kwa maradhi mengine ya akili, au kwa dalili za muda. Mjadala haujafungwa, lakini fundisho lake kwa muuguzi wa kijijini liko wazi: dalili mpya kwa mtu mzima zitafutiwe kwanza sababu nyingine.

Misimamo inayoshindana

*Ni tabia na malezi.* Msimamo huu unasema kwamba mtu akifunzwa nidhamu atatulia. Nguvu yake ni kwamba unatambua nafasi ya mazoea: ratiba, mazoezi na usimamizi husaidia kweli. Unampa pia mhusika wajibu juu ya maisha yake. Udhaifu wake ni kwamba hauelezi kwa nini watoto waliolelewa nyumba moja, kwa fimbo ileile na upendo uleule, hutofautiana kiasi hicho, wala kwa nini mtu huyo hujilaumu na bado akarudia. Adhabu humwongezea aibu, nayo aibu humfanya afiche makosa badala ya kuyapangia dawa.

*Ni nguvu zisizoonekana.* Katika eneo ambalo Uislamu umekaa tangu zama za Tippu Tip, mfanyabiashara wa misafara, na Kanisa Katoliki lina jimbo lake, familia nyingi humpeleka mgonjwa kwa shehe, kwa mchungaji au kwa mganga kabla ya kituo cha afya. Nguvu ya msimamo huu ni kwamba unamwondolea mtu hatia na kuikusanya jamii kumzunguka. Dua na ushirika hupunguza upweke. Hatari yake iko mahali pawili. Tiba zinazohusisha kufunga kamba, njaa au kupigwa hujeruhi. Na mgonjwa wa kifafa au malale akikaa miezi kwenye maombi pekee hupoteza muda ambao ungemwokoa. Shehe au padre anayesema "tusome dua, kisha uende kupimwa" ni mshirika mkubwa wa afya.

*Ni ugonjwa wa ubongo.* Huu unabebwa na ushahidi mwingi zaidi wa kisayansi: urithi, tafiti za ubongo, na madhara yanayopimika. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2025 ulikadiria kwamba watu wazima waliotambuliwa kuwa na hali hii huishi pungufu kwa takriban miaka 7 kwa wanaume na takriban miaka 9 kwa wanawake, kwa sababu nyingi ambazo zingeweza kuzuilika. Udhaifu wa msimamo huu hutokea unapotumiwa peke yake: unaweza kumfanya mtu angoje kidonge, na kusahau kwamba kazi, usingizi na mahusiano ndiyo uwanja ambamo hali hii huumiza.

*Ni vita na umaskini.* Wanaoshika msimamo huu wanasema kwamba katika jimbo lililopigwa hivyo, kuita mtawanyiko wa fikra jina la ugonjwa ni kuficha sababu zake. Njaa, kulala vibaya na hofu kweli huvunja umakini. Elimu ya msingi bila malipo iliyoanza mwaka 2019 ilijaza madarasa, na katika darasa lenye watoto wengi kupita kiasi hata aliye mzima hupoteza mwelekeo. Lakini msimamo huu hauelezi kwa nini ndani ya kijiji kimoja kilichokimbia pamoja, mmoja ana hali hii tangu kabla ya kukimbia na wenzake hawana.

*Ni tofauti ya kimaumbile.* Wengine, hasa Ulaya na Amerika, wanasema huu si ugonjwa. Ni namna nyingine ya kuwa na ubongo, na jamii ndiyo ibadilike. Msimamo huu unalinda heshima na unafungua macho kuona vipaji: wepesi wa kuchukua hatua, ujasiri, ubunifu. Kongo pia ina sheria ya Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu, na mjadala wa nani anaingia ndani yake ni halali. Upungufu wa msimamo huu ni kwamba mwenye kufukuzwa likelemba na kupoteza ndoa hahitaji sifa pekee. Anahitaji msaada, na msaada hutolewa panapokubalika kwamba kuna tatizo.

Suala la dawa

Methilifenidati iligunduliwa mwaka 1944 na kuanza kuuzwa miaka ya 1950. Pamoja na dawa za jamii ya amfetamini, ndiyo inayotumika zaidi duniani. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018, uliounganisha majaribio 133, ulikuta kwamba kwa watu wazima dawa hizi hupunguza dalili katika wiki 12 za mwanzo, amfetamini zikiongoza. Kwa muda mrefu zaidi ushahidi ni mdogo. Tathmini za Cochrane za mwaka 2021 na 2022 juu ya methilifenidati kwa watu wazima zilisema uhakika wa ushahidi wenyewe uko chini sana. Dawa hizi hupunguza hamu ya kula na usingizi, na hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu.

Methilifenidati iko pia chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 juu ya dawa za kulevya za kisaikolojia, hivyo kuiagiza na kuitunza kunahitaji daktari, kumbukumbu na ghala salama. Mwaka 2019 na tena 2021 kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilikataa kuiingiza katika orodha ya dawa muhimu, ikitaja mashaka juu ya ubora wa ushahidi. Wanaotetea dawa hujibu kwamba kukataa huko kunawaacha maskini bila tiba ambayo matajiri wanaipata kwa urahisi. Hoja hiyo ina haki ndani yake. Lakini kwa Kasongo upo uzani mwingine: mahali ambapo shinikizo la damu halipimwi mara kwa mara na vidonge huuzwa sokoni bila cheti, dawa ya kuchangamsha inaweza kuleta madhara kuliko nafuu. Kwa sasa inabaki kuwa kazi ya daktari bingwa, na si sharti la kuanza kumsaidia mtu.

Huduma zilizopo na funzo la Kasongo

Mabingwa wa magonjwa ya akili wa Kongo wako mbali na Maniema ya kusini. Kinshasa ina kituo cha CNPP, kilichofunguliwa miaka ya 1970. Bukavu ina Sosame, inayoendeshwa na Mabruda wa Upendo tangu miaka ya 1990. Shirika hilohilo lina Tulizo Letu mjini Goma na kituo cha Joseph Guislain mjini Lubumbashi. Tangu Goma na Bukavu ziliposhikwa na waasi wa M23, Januari na Februari 2025, safari ya kuelekea mashariki imekuwa ngumu zaidi.

Hata hivyo Kasongo ina historia ambayo miji mingi haina. Miaka ya 1970 na 1980 timu ya madaktari wa Kikongo na wa Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, ilijenga hapo mtandao wa vituo vya afya vilivyoendeshwa na wauguzi, vikitegemea hospitali moja ya rejea. Matokeo yake, ukiwamo utafiti wa chanjo ya surua uliochapishwa mwaka 1981 katika jarida la Lancet, yalisomwa dunia nzima, na mfano huo ulichangia kuzaliwa kwa zoni za afya, ambazo leo ni 519 nchini kote. Kasongo ilithibitisha kwamba muuguzi aliyefunzwa vizuri, anayewajua watu wake na kuwafuatilia, anaweza kubeba sehemu kubwa ya kazi iliyodhaniwa kuwa ya daktari peke yake.

Kanuni hiyo inafaa pia kwa afya ya akili. Huko Lubero, Kivu ya Kaskazini, huduma hiyo iliingizwa katika vituo vya kawaida vya afya miaka ya 2010. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa mhGAP, toleo la pili la mwaka 2016, ulioandikwa kwa ajili ya wahudumu wasio mabingwa, ingawa sehemu yake kuhusu umakini inawahusu zaidi watoto.

Kazi ya muuguzi kwa mtu mzima anayelalamika inaweza kufuata mpangilio mmoja. Kwanza apime malale, malaria na damu, aulize juu ya kifafa, usingizi, pombe, zebaki, huzuni na mambo aliyoyapitia vitani. Pili atafute utoto: ripoti za shule za Kikongo huandikwa alama za mwenendo na za bidii kando ya masomo, na ripoti ya zamani inayoonyesha akili nzuri pamoja na bidii ya chini mwaka baada ya mwaka ni ushahidi mzuri. Familia iliyopoteza karatasi wakati wa kukimbia bado ina mama, shangazi au mjomba anayekumbuka. Tatu aeleze hali kwa mhusika na kwa mwenzi wake, wakiwa pamoja. Nne apange mabadiliko ya maisha.

Mabadiliko hayo hayahitaji fedha nyingi. Adhana tano na kengele ya misheni huigawa siku, na kila kazi inaweza kufungwa kwenye saa mojawapo. Fungu la likelemba litolewe palepale mauzo yanapokamilika, au likabidhiwe mwenzi. Kuamia ndege kufanywe kwa zamu fupi na watu wawili, na mwenye hali hii apewe kazi ya kufyeka, kubeba, kuuza au kukimbilia dharura. Ahadi iandikwe kwenye daftari moja tu au iwekwe kengele ya simu wakati uleule inapotolewa. Usingizi ulindwe, chandarua kikiwemo. Tiba ya mazungumzo inayofundisha kupanga na kujikagua ilionyesha manufaa kwa watu wazima katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2010, na misingi yake inafundishika kwa mshauri wa kanisa, wa msikiti au wa kituo cha afya.

Kupima misimamo

Misimamo mitano iliyotajwa inajibu maswali tofauti, na ndiyo maana wanaobishana mara nyingi hawasikilizani. Sayansi ya ubongo inajibu swali la asili: hali ipo, inarithiwa, na ni ya zamani. Msimamo wa vita na umaskini unajibu kwa nini inaumiza zaidi hapa, na unaonya dhidi ya kuichanganya na majeraha mengine. Msimamo wa nidhamu, ukiondolewa lawama, unachangia mbinu za kila siku. Dini inachangia ushirika na njia ya kuwafikia watu. Msimamo wa tofauti ya maumbile unachangia heshima. Unaopaswa kuongoza utambuzi ni wa kitabibu, kwa sababu ndio pekee wenye njia ya kumtenga mgonjwa wa malale na asiye nayo. Katika kuishi na hali hii, mingine yote ina nafasi.

Bado kuna mvutano usioisha. Kutambua wengi mno kunapoteza nguvu za vituo vichache na kuwapa watu jina wasilolihitaji. Kutambua wachache mno kunawaacha wengine kwenye lawama. Kwa mazingira ya Maniema, kosa baya kuliko yote ni kumpa mtu jina hili bila kupima maradhi yanayoua. La pili kwa ubaya ni kumnyima msaada rahisi kwa kuwa hakuna bingwa wala dawa.

Muhtasari

Upungufu wa umakini kwa watu wazima ni hali ya kweli, yenye asili kubwa ya urithi, inayoanza utotoni na kugusa takriban watu 1 hadi 4 kati ya 100. Haithibitishwi na kipimo cha maabara. Katika Kasongo na Kabambare inafanana kwa nje na malale, kifafa, athari za malaria, zebaki, kiwewe, huzuni na ulevi, na kila kimoja kati ya hivyo kinapaswa kuulizwa kwanza. Dawa zake husaidia kwa muda mfupi, lakini zinahitaji usimamizi ambao bado haujafika. Mpangilio wa maisha na kazi, pamoja na familia inayoelewa, unaweza kuanza leo.

Zoni za afya za Kasongo na Kabambare ziingize maswali haya katika mafunzo ya wauguzi wake, na viongozi wa dini wakubaliane nazo kumtuma mgonjwa kituoni mapema. Mzee wa familia naye, kabla ya kumwita mtu mvivu, aulize alikuwaje akiwa mtoto.